Kutoka Kiungani hadi Mkuza: Kitabu cha Alfabeti na Mtoto Msomaji wa Kiswahili



Mada niliyoichagua jioni ya leo huenda ikaonekana ndogo mno kwa mhadhara wa hadhara. Wenzangu walionitangulia katika jukwaa hili wamezungumzia usanifishaji wa lugha, tendi za kale, na nafasi ya Kiswahili katika elimu ya juu. Mimi nimekuja kuzungumzia kitabu cha kurasa 32 chenye picha nyingi kuliko maneno, ambacho msomaji wake hajatimiza miaka minane. Sina budi kukiri mapema kwamba kitabu cha kwanza cha aina hiyo nilichokiandika mimi mwenyewe kilishindwa, na aliyenionyesha kushindwa kwake alikuwa mtoto wa darasa la kwanza.

Ilikuwa katika shule moja ya msingi kata ya Mkuza, Kibaha, kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro. Nilikuwa nimeombwa na walimu wawili wa madarasa ya awali niwasaidie kutunga kitabu cha alfabeti chenye picha, na kwa kuwa watoto hupenda visa vya kusisimua, tulikubaliana kiwe kisa cha safari. Kaka na dada wanampoteza mbuzi wao katika vilima vya Kisarawe. Wanamfuata ndani ya msitu wa Pugu, wanapita kwenye mapango yenye popo, wanavuka Reli ya Kati, na hatimaye wanamkuta Mkuza akila mahindi ya watu. Herufi 24, matukio 24. A ilikuwa ya asubuhi walipoondoka, CH ya chui, G ya giza, H ya hatari, J ya jabali, na Z ya zawadi waliyopewa mwishoni. Mchoraji alikuwa hodari kweli kweli. Chui wake mpaka leo namwogopa.

Tukaketi na watoto chini ya mwembe, tukafungua ukurasa wa chui. Nikauliza, "Mnaona nini?" Wakajibu kwa pamoja: "Anakimbia!" Ukurasa wa jabali: "Anapanda!" Ukurasa wa giza: "Analia!" Ukurasa wa mto: "Ameanguka!" Hapo msichana mmoja, ambaye wiki hiyo hiyo alikuwa amefundishwa herufi ya kwanza, akanigeukia na kuniuliza, "Babu, mbona zote ni A?"

Mwalimu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nimefundisha mofolojia ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30, na mtoto yule alikuwa amesema kwa maneno manne jambo ambalo nilipaswa kulijua kabla sijashika kalamu.

Tulitazame jambo lenyewe. Kitabu cha alfabeti cha picha kimejengwa juu ya dhana moja, kwamba herufi ya kwanza ya neno ndiyo mlango wa neno. Mtoto anaona picha, analitaja jina la kitu, anasikia sauti ya mwanzo, kisha anaioanisha na umbo la herufi. Katika lugha kama Kiingereza au Kijerumani dhana hiyo inafanya kazi, maana mzizi wa neno kwa kawaida hukaa mbele, na viambishi vingi hufuata nyuma. Kiswahili hakikuumbwa hivyo. Katika nomino, mbele hukaa kiambishi cha ngeli. Katika kitenzi, mbele hukaa kiwakilishi cha mtenda, kikifuatwa na alama ya wakati. Mzizi, yaani maana yenyewe, unasubiri ndani kama mwenye nyumba anayesubiri wageni wavue viatu kwanza. Kwa hiyo herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili mara nyingi hutuambia habari za sarufi, na si habari za kitu. Ukimwonyesha mtoto mtu yeyote akifanya jambo lolote, atakujibu kwa sentensi kamili, na sentensi hiyo itaanza na A.

Nomino nazo zina vituko vyake. Atakayeifungua *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ataona M na K zimejitwalia sehemu kubwa, kwa sababu ngeli ya m- na ngeli ya ki- zimeweka kambi humo. Si lazima hata kufungua kamusi; panda daladala ya barabara ya Morogoro na usome vibao: Mbezi, Kibamba, Kiluvya, Kibaha, Maili Moja, Mkuza, Kongowe, Misugusugu, Mlandizi. Ningeandika kitabu cha alfabeti cha barabara hiyo ningemaliza safari kwa herufi mbili, na Tumbi na Visiga kwa bahati nzuri. Upande wa pili, jaribu kutafuta nomino ya asili ya Kibantu inayoanza na R au A. Utapata rafiki, rangi, redio. Utapata asali, adui, askari, ardhi. Karibu zote zimekuja kwa jahazi au kwa meli. Herufi V hujazwa na wingi wa vitu ambavyo umoja wake uko K, na mtoto anayejifunza kwamba V ni ya viatu atashangaa akivua kimoja.

Zaidi ya hayo, herufi moja hufanya kazi zaidi ya moja. M ya *mama* ni konsonanti ya kawaida inayofuatwa na irabu. M ya *mtoto* ni silabi kamili peke yake. Piga makofi utaisikia, m-to-to. M ya *mbuzi* nayo ni nazali inayotangulia b ndani ya silabi moja. Herufi N ina mzigo mkubwa zaidi: nazi, ndizi, nchi, nyoka, ngoma, ng'ombe. Katika muswada wangu wa kwanza ukurasa wa N ulikuwa na nyoka, na mtoto aliyejifunza n kwa picha ile angeitamka vibaya kila anapokutana na neno *nazi*. Nalisema hili kwa aibu, maana ni kosa ambalo ningemkatia mwanafunzi wangu alama.

Je, waliotutangulia hawakuliona jambo hili? Hapa ndipo historia inapoingia, nayo ni ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Kabla ya herufi za Kirumi, Kiswahili kiliandikwa kwa karne kadhaa kwa herufi za Kiarabu. *Utendi wa Tambuka*, wa mwaka 1728, ni miongoni mwa ushahidi wa maandishi tunaoutegemea sana. Mtoto wa pwani alijifunza kusoma chuoni, kwa mwalimu, akiwa na ubao na wino. Ubao ule haukuwa na picha hata moja. Alianza kwa majina ya herufi, lakini hakukaa hapo. Mara moja alipelekwa kwenye herufi pamoja na irabu zake, ba, bi, bu, mpaka ulimi ukazoea. Kiarabu kina alama za irabu tatu, ilhali Kiswahili kina irabu tano, hivyo e na o zilibanana ndani ya alama za i na u, na msomaji alikisia kwa kufuata maana. Sauti za p, ch, g na v pia zilihitaji mbinu, na katika karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa alikuwa miongoni mwa waliozishughulikia kwa uangalifu. Ninachotaka tukishike ni kwamba kipimo cha kusomea kilikuwa silabi. Herufi peke yake ilikuwa jina tu.

Mwaka 1864 Edward Steere aliwasili Unguja pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya Vyuo Vikuu. Mwaka 1870 alichapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja na, mwaka huo huo, mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili. Akawa askofu mwaka 1874, akafariki mwaka 1882. Misheni ilikuwa na mtambo wa kuchapia, na vijana waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa walifundishwa kupanga herufi za risasi kwa mikono yao. Watoto wale walitoka bara, na wengi wao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Walijifunza lugha na maandishi yake kwa wakati mmoja. Kwa tahajia yake, Steere alichukua konsonanti kwa desturi ya Kiingereza na irabu kwa desturi ya Kitaliano, na matokeo yake ni kwamba mtoto wa Kiswahili akishajua irabu tano, karibu hadanganywi tena na maandishi. Mtoto wa Kiingereza hudanganywa mpaka uzeeni. Katika shule za misheni, na baadaye za serikali, vitabu vya kufundishia kusoma vilipanga silabi kwa safu, ba be bi bo bu, kwa miongo mingi. Wengi tulioketi humu tulipita katika safu hizo, tukiimba huku fimbo ikigonga ubao.

Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, kilichokuwa kitovu cha elimu hiyo Unguja, kilihamishiwa Minaki, Kisarawe, mwaka 1925. Mwaka huo huo ulifanyika mkutano wa elimu Dar es Salaam uliokitazama Kiswahili kama lugha ya shule. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji. Na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Nchi za Afrika Mashariki, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Kamati hiyo, baada ya kuhamahama Nairobi, Makerere na Mombasa, iliishia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako baadaye ilikuja kuitwa TUKI, na tangu mwaka 2009 mrithi wake ni TATAKI. Mambo hayo yote mnayajua. Nayataja kwa sababu moja tu: Kibaha yenyewe zamani ilikuwa sehemu ya Kisarawe, hivyo njia iliyotoka kwenye mtambo wa Unguja imepita uani kwa wale watoto wa Mkuza. Sina haja ya kuleta mfano kutoka mbali.

Ikiwa ubao wa chuoni na kitabu cha misheni vyote viwili vilishika silabi, kitabu cha herufi na picha kilitoka wapi? Kwa maoni yangu kilikuja kwa njia ya kuta. Nenda katika shule nyingi za chekechea mjini, utaona karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani, herufi 26 za Kiingereza, na katika kona ya kwanza tunda la tufaha, ambalo Mkuza huonekana kwa wachuuzi wa barabarani tu. Mwalimu mwenye bidii akitaka kuifanya karatasi hiyo iwe ya Kiswahili, hutafsiri. Huondoa Q na X, huambatisha h kwenye c, na kutafuta jina jipya kwa kila kisanduku. Hivi ndivyo nilivyofanya mimi, msomi mzima, nikiongeza chui na jabali.

Kitabu cha alfabeti ya Kiswahili kinachojulikana kuliko vyote duniani nacho hakikutungwa Unguja wala Dar es Salaam. Kilitoka New York mwaka 1974, kikiitwa *Jambo Means Hello*. Mwandishi wake, Muriel Feelings, Mmarekani mweusi, aliwahi kufundisha Uganda. Picha zilichorwa na mumewe, Tom Feelings, mzaliwa wa Brooklyn ambaye aliwahi kufanya kazi Ghana. Walitanguliza kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili mwaka 1971, na vyote viwili vilipata heshima ya tuzo ya Caldecott, ambayo ni tuzo kubwa ya vitabu vya picha nchini Marekani. Ulikuwa wakati ambapo Waamerika weusi wengi walikigeukia Kiswahili kama lugha ya Afrika nzima. Sikukuu ya Kwanzaa, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilichukua maneno yake humo, na Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa ikitazamwa kwa matumaini makubwa. Kitabu kina neno moja kwa kila herufi kati ya 24, maelezo kwa Kiingereza, na picha za ukungu laini ambazo binafsi naziona kuwa kati ya kazi bora za kuchora maisha ya Mwafrika kwa ajili ya mtoto.

Wapo wenzetu wanaokibeza kitabu hiki kwa sababu ya kichwa chake. Ni kweli kwamba Mswahili husema *hujambo*, na *jambo* tupu ni salamu ya kumwambia mtalii. Lakini kukibeza ni kukosa kuona kilitungwa kwa kazi gani. Hakikukusudiwa kumfundisha mtoto kusoma Kiswahili. Kilikusudiwa kumwambia mtoto wa Harlem kwamba alikotoka pana lugha, na lugha hiyo ina herufi, ina adabu, ina mambo ya nyumbani. Kwa kazi hiyo, neno moja kwa herufi linatosha, na herufi ya kwanza inafaa kabisa kuwa mlango, kwa sababu mtoto haingii ndani. Anasimama mlangoni akitazama. Mtoto wa Mkuza yumo ndani tayari. Lugha anayo. Anachohitaji ni kujua namna inavyokaa kwenye karatasi. Kosa letu limekuwa kuchukua umbo la kitabu cha yule wa mlangoni tukampa huyu wa ndani.

Na hitaji lake si dogo. Utafiti wa Uwezo wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watano waliomaliza darasa la saba Tanzania hakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili kwa Kiswahili, lugha ambayo kwa wengi wao ndiyo ya kila siku. Baada ya hapo ulikuja mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa madarasa ya kwanza na la pili, unaoanza na sauti kabla ya majina ya herufi, na ambao kwa hakika umerudi karibu na busara ya zile safu za silabi. Upande wa vitabu vya hadithi, Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Canada, umewapa waandishi na wachoraji wetu nafasi ambayo hawakuwa nayo katika miaka ya uhaba wa karatasi. Kibaha penyewe pana historia ya kujaribu mambo mapya ya elimu: shirika lake la elimu lilianzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano na nchi za Nordiki, likakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Nilifikiri basi kwamba kama kuna mahali pa kujaribu upya, ni pale pale nilipoaibika.

Nirudi kwenye kisa, kwa sababu kisa ndicho kilichonipotosha na ndicho kilichonikomboa. Kiswahili hakina neno moja la kubeba maana nzima ya yale mambo ya hatari na ushujaa ambayo watoto hupenda. Tuna *mkasa*, tuna *kisa*, tuna *masaibu*. Lakini neno la asili kabisa la fani hiyo ni *safari*. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha *Safari za Wasuaheli*, na humo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara, na Salim bin Abakari anasimulia safari ya mwaka 1896 iliyomfikisha Urusi hadi Siberia. Hizi ni nathari za mikasa za Kiswahili zilizoandikwa kabla Johnson na mwenzake hawajatutafsiria *Kisiwa chenye Hazina* mwaka 1929. Na nathari ya safari hutembea kwa vitenzi: wakaondoka, wakapanda, wakalala, wakaibiwa. Kisa kinasukumwa na vitendo, vitendo vyetu vinaanza na mtenda, na mtenda wa nafsi ya tatu katika wakati tulionao ni *a-*. Kisa cha safari na mpangilio wa A hadi Z ni mafahali wawili katika zizi moja.

Kwa muda mrefu niliitazama A ile kama kizuizi. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuona kwamba ilikuwa ufunguo. Ikiwa sentensi za kisa huanza na *ana-*, basi mtoto akifundishwa kusoma *a-na-* ameshasoma mwanzo wa maelfu ya sentensi. Tukaacha alfabeti, tukapanga kitabu kwa kufuata safari, na kila kituo kikaleta herufi chache tu za kuongeza juu ya zile za nyuma. Chukua herufi tano: a, k, n, t, u. Kwa hizo tano peke yake Kiswahili kinatoa hivi:

Kaka anataka kuku. Kuku anakataa.

Naomba wasikilizaji wanaofundisha lugha nyingine wajaribu kupata kisa, mhusika wawili, tamaa na ukaidi, kwa herufi tano. Ongeza m, na kaka anamkamata kuku. Ongeza o na e, na kuku anatokomea. Herufi nane, na tayari mtoto anafunua ukurasa kwa wasiwasi. Mbuzi wangu wa zamani ilibidi afukuzwe, kwa sababu mb, z na i vilikuwa mbali. Kuku akapewa kazi yake, na nadhani anaifanya vizuri zaidi. M ya silabi ikaja mapema kwa njia ya *mtu*, nasi tukamwekea mwalimu alama ya makofi mawili. N ya nyoka ikangoja mpaka ny itambulishwe kama mtu mwingine, asiye ndugu wa karibu wa n. Kuhusu dh, th na gh tulibishana sana. Mwalimu mmoja alitaka zifuatwe kama kitabu cha kiada kinavyotaka. Mwenzake alisema kwamba wazazi wa wale watoto husema *zahabu*, na mtoto hawezi kusoma kwa sauti asiyoisikia. Tuliziweka mwishoni, baada ya r na l, ambazo Uzaramoni zina mgogoro wake na sikuthubutu kuutatua.

Alfabeti yenyewe haikutupwa. Mtoto atahitaji mpangilio huo kwenye daftari la mahudhurio, ambako atagundua kwamba nusu ya darasa ni Mwajuma, Mwanahawa, Musa na Mohamedi. Atauhitaji kwenye kamusi. Tumeuweka nyuma ya jalada, herufi 24 kwa mstari, bila picha.

Mchapishaji wa kwanza tuliyempelekea alikataa. Alisema mzazi anayenunua kitabu dukani hufungua ukurasa wa kwanza kutafuta A na wa mwisho kutafuta Z, na asipoziona hurudisha kitabu. Sikumlaumu, anaijua biashara yake, na pengine anawajua wazazi kuliko mimi. Alitukumbusha pia kwamba kurasa za kitabu huenda kwa 16, hivyo tulikuwa na 32 tu za kucheza nazo, na herufi 24 zingekaa humo vizuri sana pamoja na kurasa za utangulizi. Safari yetu haikukaa vizuri hivyo. Ilizidi, ikapungua, ikabidi msitu wa Pugu ukatwe nusu. Kwa sasa muswada unazunguka katika madarasa matatu ya Mkuza kwa nakala za kudurufu, rangi zikiwa nyeusi na nyeupe, na mchoraji ananung'unika kuhusu chui wake aliyepotea.

Yule msichana aliyeniuliza habari za A sasa yuko darasa la tatu. Niliporudi mara ya mwisho, mwalimu alimwita aje awasikilize wadogo zake wakisoma. Mvulana mmoja alifuata kwa kidole, a-na-to-ko-me-a, akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyepatwa na jambo: "Ametokomea wapi?" Msichana akamjibu bila kutazama kitabu kwamba lazima yuko Picha ya Ndege, kwa sababu kuku wote wanaopotea pale huonekana Picha ya Ndege, mtaa wa jirani. Darasa zima likakubaliana naye, wakataka ukurasa unaofuata uwe wa Picha ya Ndege.

Ilikuwa shauri jema, isipokuwa kwamba jina hilo linahitaji p, ch, y, i, nd na g, na katika ukurasa ule hatukuwa na hata moja kati ya hizo. Tumekaa na walimu wale wawili tukapanga upya nusu ya kitabu. Kuku sasa anafika Picha ya Ndege katika ukurasa wa 27.